Lango la Mwaka wa Bomba

Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Pasi, hukosea kwa makusudi. Ataketi mlangoni kwa mtu, atauliza hali, atauliza watoto, kisha atapachika uongo mdogo kuhusu zamani: kwamba lango la Dobini lilikuwa la kijani, au kwamba mnyapara wa enzi zile alikuwa mtu mpole. Mwenye nyumba atashtuka. "Kijani? Nani kakudanganya? Lilikuwa jekundu, na aliyelipaka ni mimi!" Hapo Shangazi atashika shavu na kusema, "Ala! Basi hebu njoo Jumamosi utuonyeshe." Na huyo amekwisha nasa. Kundi lake lote alilikusanya namna hiyo. Wengine wakitaka watu huitisha mkutano, wakahutubia mpaka viti vikachoka. Yeye alikwisha ng'amua kwamba binadamu hapendi kufundishwa, lakini ukimpa nafasi ya kumsahihisha mwenzake ataacha hata chakula mezani.

Dobini ni jengo refu la matofali katikati ya mtaa wetu. Zamani zilifuliwa humo shuka za hospitali na za hoteli, na hapakuwa na nyumba ya jirani isiyokuwa na mtu wake pale, awe mfuaji, mwanikaji au mpiga pasi. Mashine zilipoletwa upande wa pili wa mji, Dobini ikafungwa. Ikawa ghala la viti vibovu, kisha ikawa mali ya njiwa. Lakini karo za saruji za kufulia zimebaki pale pale, zimejipanga ukutani, kila moja na ubao wake wa kusugulia uliolika katikati. Meza ya pasi ipo, na uani nyaya za kuanikia bado zimekazwa toka ukuta hadi ukuta. Shangazi alipiga pasi humo tangu usichana wake. Alipobaki peke yake nyumbani, watoto wamekwenda makwao na mume ametangulia mbele ya haki, alikwenda ofisi ya manispaa kuomba ufunguo. Wakampa upesi, maana siku nyingi walikuwa wakitafuta mtu wa kumsukumia wale njiwa.

Alilotaka ni hili: mara moja kwa mwaka Dobini ifunguliwe, watoto wa shule na wageni waingie, waone shuka inavyokwenda toka karo hadi pasi kwa mikono ya watu. Na hakutaka maelezo. "Ukishaeleza umeiua," alisema. "Sisi tutaishi." Wakakubaliana wachague mwaka mmoja tu, wauishi huo. Sasa ugomvi ukawa mwaka upi. Fundi seremala, aliyekuwa akichonga zile mbao za kusugulia, alitaka mwaka aliooa. Mnyapara, ambaye leo ni mzee wa mkongojo ingawa sauti yake haijazeeka hata kidogo, alitaka mwaka wowote aliokuwa na meno yake yote. Shangazi akakaza uzi: mwaka wa bomba. Mwaka ule maji yalipovutwa mpaka uani na wasichana wakaacha kubeba ndoo kichwani. Wakamkubalia, kwa sababu kweli ulikuwa mwaka mzuri, na kwa sababu kubishana na Shangazi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kisha akaweka sharti. Ukivuka lango, umeingia mwaka wa bomba. Jambo lililotokea baada ya hapo hulijui, hujalisikia, halijawa. Atakayelitaja atatolewa nje ya lango, asimame barabarani mpaka mnyapara agonge kengele ya kumrudisha. Tulikuwa tukifanya mazoezi kila Jumamosi, na Jumamosi ya kwanza aliyetangulia kutolewa ni mnyapara mwenyewe, kwa kulalamikia goti lake lililopasuliwa hospitali.

"Goti gani?" Shangazi alimwuliza. "Mwaka huu goti lako ni zima. Toka."

Akatoka huku akisonya, na ikabidi atafutwe mtu mwingine wa kumgongea kengele.

Mimi ni fundi simu, na mwaka wa bomba sikuwa nimezaliwa. "Kwa hiyo wewe hupo," Shangazi aliniambia bila huruma. "Kaa langoni." Nikawa bawabu, mguu mmoja ndani mwingine nje, na kikapu cha kupokelea simu za watu. Zilikuwa zikilia humo kutwa nzima, na sikuruhusiwa kuzijibu kwa sauti.

Mambo yalianza kama mchezo, lakini ulikuwa mchezo wenye utamu wake. Kulikuwa na mama muuza mboga wa pale kona, mjane. Akivuka lango, wenzake humwuliza, "Mzee hajambo?" Naye hujibu huku akijaza karo, "Hajambo, nimemwacha analalamika chai haina sukari." Jumamosi ikiisha alitoka na uso wa mtu aliyetoka kutembelea kwao. Watu hawa hawakuwa wamekaa pamoja miaka mingi. Walikuwa wakisalimiana kwa kuinua kidevu tu, kila mtu na mlango wake. Sasa nikawaona wakigombania sabuni, wakitaniana kuhusu nani alikuwa mvivu, wakipeana majina ya utani yaliyokuwa yamesahauliwa. Niliwapenda, nasema wazi. Nilikuwa nafunga kibanda changu mapema ili nikawahi langoni.

Lakini Shangazi hakuchagua mwaka wa bomba kwa sababu ya bomba. Aliniambia mwenyewe, ameketi kwenye benchi la kibanda changu huku nikibadilisha kioo cha simu ya mtu.

"Mwaka ule," alisema, "mimi na Bi Kamba tulikuwa bado tunaongea."

Bi Kamba ndiye aliyekuwa mwanikaji mkuu wa Dobini, na yeye na Shangazi walikuwa chanda na pete. Walikwenda sokoni pamoja, wakarudi pamoja, wakacheka kazini mpaka wakakaripiwa pamoja. Mwaka uliofuata ule wa bomba, kaka yake Bi Kamba akamposa Shangazi. Bi Kamba akafurahi kumshinda bwana harusi, kwa kuwa rafiki sasa anakuwa wifi. Siku zikakaribia, watu wakaalikwa. Ndipo Shangazi akaenda kwa wazee wa pande zote mbili na kuwaambia haolewi. Hakutoa sababu. Baadaye akaolewa na mtu mwingine, wakaishi vizuri mpaka mauti yalipowatenganisha.

Cha kuchekesha ni kwamba kaka mtu hana kinyongo hata chembe. Alioa kwingine, ana wajukuu, na kila akija kutembea humpitia Shangazi na kunywa chai mpaka birika linakauka. Dada yake humsubiri nje, amegeukia barabara. Aliyekataliwa alikwisha samehe, dada mtu ndiye aliyebeba mzigo. Tangu wakati ule hajamwambia Shangazi hata neno moja, na nyumba zao zinatazamana. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Shangazi alitaka Bi Kamba amwongeleshe tena. Hilo tu. Shuka, karo na wageni alivipenda kweli, lakini lililokuwa likimkosesha raha ni hilo. Kwa hiyo akanituma, na akanipa uongo wa kwenda nao.

Nilimkuta Bi Kamba uani kwake akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako kakutuma?"

"Hapana. Yaani, ndiyo kidogo. Jumamosi tunaanika shuka kule Dobini, na Shangazi anawafundisha watu kwamba zilikuwa zinabanwa ncha moja tu, halafu zinaachwa zining'inie."

Mikono ikasimama juu ya maharage. "Ncha moja?"

"Ndivyo anavyosema."

"Shuka ya hospitali? Ncha moja? Ivutike upande mmoja, mgonjwa alalie shuka iliyopinda?" Akausukuma ungo pembeni. "Anasema uongo, na anajua ni uongo, na kakutuma wewe kwa sababu anajua sitanyamaza."

Niliangalia viatu vyangu. Yeye aliangalia upande wa pili wa barabara, kwenye mlango wa Shangazi, na nikaona taya zake zikitafuna bila kitu mdomoni.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Lakini sikia vizuri. Nakuja kwa ajili ya shuka. Siji kwa ajili ya mtu."

Jumamosi akaja, amejifunga kitambaa kichwani kama wafanyavyo wanawake wa kazi. Akasimama mbele yangu langoni. "Humu ndani ni mwaka wa bomba?"

"Ndiyo, mama."

"Na la baadaye halijulikani?"

"Halijulikani kabisa."

Akafikiri. Akavuka. Watu wote waliacha walichokuwa wakifanya, hata fundi seremala alibaki na randa hewani. Bi Kamba akaenda moja kwa moja mpaka kwenye karo aliposimama Shangazi, akashika kiuno.

"Wewe msichana, umechelewa tena leo, au ulikuwa unajipamba? Sogea, nani kakufundisha kusuuza hivyo?"

Sabuni ilimtoka Shangazi mkononi. "Ulinifundisha wewe, mwenzangu," akajibu.

Shuka ikishasuuzwa haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha huku, mwingine kule, kila mtu anasokota kwa upande wake mpaka inakazana na maji yanachuruzika miguuni. Wale wawili hawakuelekezana. Walishika, wakasokota, wakaikung'uta, wakaipeleka kwenye nyaya, na Bi Kamba akaianika kwa kukunja ukingo mzima juu ya waya na kuubana sawasawa, huku akimsuta Shangazi kuhusu ncha yake moja. Walicheka. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko kile cha Shangazi, chembamba, cha msichana, na mimi nimelelewa na mama huyu.

Kisha jioni ikafika, watu wakaanza kutoka. Bi Kamba alivuka lango mbele, Shangazi nyuma yake.

"Kwaheri, mwenzangu," Shangazi akasema.

Bi Kamba hakugeuka. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka. Wakaelekea nyumbani kwa barabara ile ile moja, mmoja mbele na mwingine nyuma, bila neno.

Ikawa ndivyo kila Jumamosi. Ndani ya lango mahaba, nje ya lango ukuta. Mwanzoni Shangazi aliridhika. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," aliniambia, akawa anaimba akipika. Mimi nami nikamshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Lakini siku zilivyokwenda, alianza kurudi kutoka Dobini akiwa mkimya kuliko alivyokwenda.

"Yule anaongea na msichana wa zamani," aliniambia siku moja. "Msichana ambaye hajamkosea. Mimi hanijui. Mwanangu, nimeanza kumwonea wivu mtu ambaye ni mimi mwenyewe."

"Basi mwombe msamaha huku nje."

"Huku nje hanisikilizi. Nikifungua mdomo anafunga mlango."

Siku ya wageni ikafika na jua zuri la kukaushia. Wakaja walimu na wanafunzi wao, wakaja wauguzi wa hospitali, wakaja watu waliohama mtaa zamani. Nilijaza kikapu cha simu mpaka nikaazima beseni. Ndani mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotumaini. Mnyapara alizunguka na mkongojo akikaripia kila mtu, hata mwalimu mkuu. Wanafunzi walijaribu kumnasa. "Babu, televisheni yako kubwa?" Naye akauliza, kwa uso mkavu, kama hicho ni kitu cha kula. Pasi za mkaa zilikuwa zimeshika moto, mvuke ulipanda kwenye shuka zilizonyunyizwa maji, na wageni wakapewa sehemu ya kusugua wakalowa mpaka magotini kwa furaha. Muuza mboga alimweleza muuguzi mmoja habari za mumewe kwa kirefu, yule muuguzi akamtumia salamu.

Ikaja zamu ya kukamua. Shangazi na Bi Kamba walisimama katikati ya uwanja na shuka kati yao, wageni wamewazunguka. Wakasokota, maji yakamwagika, watoto wakashangilia. Bi Kamba alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya kweli, na akatania kama alivyokuwa akitania enzi zile:

"Na wewe siku ukiolewa, mwenzangu, nani atanikamulia shuka?"

Shangazi akaacha kusokota. Nilimwona toka langoni, na nikajua kabla hajasema.

"Nisamehe," akasema.

"Nikusamehe nini? Kaza huko, shuka inalegea."

"Harusi ile. Kaka yako. Nisamehe, Bi Kamba. Nisamehe mimi, siyo yule wa mwaka wa bomba."

Wageni walidhani ni sehemu ya igizo, wengine walipiga makofi kidogo. Lakini wenyeji walinyamaza, kila mmoja pale alipokuwa. Bi Kamba alimtazama Shangazi.

"Harusi gani?" akasema polepole. "Mimi sijui harusi yoyote."

Mnyapara aligonga mkongojo chini mara moja. Hakuwa na furaha, lakini sharti ni sharti, na aliyeliweka ni Shangazi mwenyewe. "Bawabu," akaniita. "Fungua lango. Toa mtu."

Nilifungua. Ningefanya nini? Shangazi alifuta mikono kwenye aproni, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kusimama barabarani kwenye jua. Roho iliniuma. Nilimwona kajimaliza mwenyewe, mbele za watu, hata ile nusu aliyokuwa nayo kaimwaga, na maji yakimwagika hayazoleki. Ilibidi nifunge lango, na nililifunga taratibu kuliko siku zote.

Ndani, muuza mboga alikwenda kuchukua ncha ya shuka iliyoachwa. Wakaendelea. Bi Kamba alisokota mara moja, mara mbili, akitazama chini. Alikuwa mshika sharti kuliko wote. Jumamosi zote zile hakuwahi kutolewa nje hata kwa kuteleza ulimi. Kisha akasimama wima, akaita kwa ile sauti ya kuitia watu toka upande wa pili wa uwanja.

"Mnyapara!"

"Unasemaje?"

"Nyumbani kwangu kuna kitu kinaitwa simu! Jana kaka yangu kanipigia kwa picha, nimemwona uso wake wote na wajukuu wamemkalia mabegani! Na ng'ambo ya mji kuna mashine za kufulia, zinajizungusha zenyewe, na wewe mnyapara huna jino hata moja la mbele!"

Wanafunzi walivunjika mbavu. Mnyapara alibaki ameduwaa. "Mama, umepatwa na nini? Wewe hujawahi kukosea."

"Sasa si nimekosea? Basi nitoe."

Hakungoja kutolewa. Alimwachia muuza mboga shuka nzima, akaja langoni kwa hatua za mtu anayewahi kitu. "Fungua, mwanangu," akaniambia, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Nikafungua. Na kwa kuwa kazi yangu ni kukaa mguu mmoja ndani mwingine nje, nilisikia kila kitu, na sioni haya kusema kwamba nilisogea nisikie vizuri.

Bi Kamba ndiye aliyeanza.

"Kukataa ilikuwa haki yako. Kaka yangu namjua, anakoroma nyumba nzima inaamka. Hilo sikulikasirikia hata siku moja."

"Sasa kwa nini miaka yote hii..."

"Nilisikia kwa muuza mkaa!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Nimekaa nashona gauni la kuvaa siku yako, anapita muuza mkaa ananiambia pole. Nikamwuliza pole ya nini. Mtaa mzima unajua, wazee wanajua, muuza mkaa anajua. Mimi rafiki yako sijui. Hukuja kuniambia, Bi Pasi. Nyumba iko hapo ng'ambo, hukuja."

Shangazi alikuwa akilia sasa, bila kujificha. "Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ungeniomba nisimkatae. Wangeniomba wazee wote, ningewashinda. Lakini wewe ukiniomba, ningeolewa."

Bi Kamba alivua kile kitambaa cha kichwani, akajifuta uso, akakitazama, kisha akamfuta na Shangazi.

"Ningekuomba kweli," akasema. "Ningekuomba mpaka ukubali."

"Najua."

"Mjinga wewe."

"Najua hilo pia."

Kengele ikagongwa ndani. Mnyapara aliigonga kwa nguvu, ya kuwarudisha wote wawili. Niligeuka nikaona uwanja mzima unatazama lango: wageni wamesimama, shuka iliyokamuliwa nusu imemzidi nguvu muuza mboga, pasi zinapoa mezani. Nikatoa kichwa nje.

"Shangazi, mama, mnaitwa ndani. Watu wanawasubiri."

Bi Kamba hakugeuka. Alikuwa amemshika Shangazi mkono.

"Waambie wasubiri," akasema. "Huko ndani sisi hatujagombana. Mtuache hapa nje tupatane."